Nani Ameshika Swichi ya Mwanga?

Watu wengi wakisikia neno historia wanafikiria vita, machifu, mikataba na tarehe za kukariri kwa ajili ya mtihani. Hayo ni kweli ni historia. Lakini jembe lina historia, cherehani ina historia, na hata kile kidude cha plastiki anachokivalisha mpiga picha wa harusi juu ya kamera yake, kile wanachokiita triga, nacho kina historia ndefu kuliko umri wa mji wetu wa Buhemba. Tena historia yenyewe imepita humu humu nchini kwetu, mingine karibu kabisa na mlangoni petu, ila hatukufundishwa.

Kwa wasiokijua, nieleze kwanza. Triga ni vidude viwili. Kimoja kinakaa juu ya kamera, kazi yake ni kutuma. Cha pili kinafungwa chini ya flashi, kazi yake ni kupokea. Mpiga picha akibonyeza kitufe, cha kwanza kinatoa mawimbi ya redio, cha pili kinayapokea na kuamuru flashi ilipuke, hata kama flashi hiyo imesimamishwa mita 20 kando, nyuma ya mlango, bila waya wowote. Basi. Jambo dogo kabisa. Lakini nyuma ya jambo hili dogo kuna swali kubwa ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: tangu mwanga wa kutengenezwa uingie nchi hii, nani amekuwa akishika swichi, na nani amekuwa akimulikwa?

Mwaka mmoja, cheche mbili

Turudi Ujerumani, mwaka 1887. Kabla ya hapo waliotaka kupiga picha gizani walikuwa wanachoma utepe wa madini ya magnesiamu, unawaka kwa mwanga mweupe mkali, lakini unawaka polepole na anayepigwa picha lazima atulie kama sanamu. Mwaka huo Johannes Gaedicke na Adolf Miethe walichanganya unga wa magnesiamu na potasiamu klorati pamoja na antimoni salfaidi. Unga huo haukuwaka polepole. Ulilipuka. Wakauita Blitzlicht, yaani mwanga wa radi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kukamata kitu kinachotembea usiku.

Mwaka huo huo wa 1887, katika nchi hiyo hiyo, mjini Karlsruhe, mwalimu mmoja wa fizikia aitwaye Heinrich Hertz alikuwa anacheza na cheche za umeme. Akaona kwamba cheche ikiruka upande mmoja wa chumba, cheche nyingine ndogo inaruka upande wa pili, kwenye pete ya waya ambayo haijaungwa na kitu chochote. Amri ilikuwa imesafiri hewani. Huo ndio mwanzo wa redio. Ukitazama vizuri, ndugu msomaji, utaona kwamba triga ya flashi ni ndoa ya mambo haya mawili: mlipuko wa mwanga wa Gaedicke na Miethe, na cheche ya Hertz. Walizaliwa mwaka mmoja lakini iliwachukua zaidi ya karne nzima kuoana kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu.

Unga wa radi haukuwa mchezo. Ulitoa moshi mwingi mweupe, uliunguza nyusi na mapazia, na ukiloweka kidogo haukulipuka kabisa. Jacob Riis, mwandishi wa magazeti wa New York, aliutumia kuingia usiku katika vyumba vya maskini na kuwapiga picha wakiwa wamelala, na mwenyewe aliandika kwamba aliwahi kuchoma nyumba moto kwa kifaa chake. Kitabu chake cha mwaka 1890 kilisaidia sana kuwaonyesha matajiri hali ya vyumba vile. Hilo tumpe haki yake. Lakini hebu mfikirie yule baba aliyekuwa amelala na wanawe, ghafla mlango unafunguliwa, bomu la mwanga linalipuka usoni, na kabla hajafuta macho wageni wameshaondoka na sura yake. Hakuulizwa.

Kamba ya Schillings

Sasa tuje nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi hii ilikuwa koloni la Mjerumani. Alikuwepo Mjerumani mmoja, mwindaji na mpenda wanyama, jina lake Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865. Yeye aliamua kufanya kitu ambacho hapa kwetu hakijawahi kufanywa: kupiga picha simba, fisi, mbweha na pundamilia usiku wa giza, porini, katika nyika za Umasai na nchi ya Kilimanjaro na mto Pangani.

Alifanyaje? Alitega. Kamera iliwekwa mahali, unga wa magnesiamu ukawekwa tayari, na kamba au waya ukanyooshwa mpaka kwenye chambo. Chambo mara nyingi alikuwa mnyama hai, punda au ng'ombe, aliyefungwa ili simba aje. Simba akija na kugusa, shata inafunguka na unga unalipuka wakati mmoja. Ile kamba, wasomaji wangu, ndiyo babu wa triga. Kazi yake ni ile ile: kuwasha mwanga mbali na mkono wa mpiga picha, katika nukta ile ile ambayo kamera imefungua jicho.

Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1905 kwa jina la Mit Blitzlicht und Büchse. Kwa Kiswahili tungesema Kwa Mwanga wa Flashi na Bunduki. Ulaya walikishangilia, kikatafsiriwa kwa Kiingereza, watu wakastaajabu kuona simba amekamatwa katika mwanga kama mwizi. Na kwa kweli zile picha zinastaajabisha mpaka leo.

Lakini mimi nikitazama mwaka nasimama kidogo. 1905. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, kule kusini watu waliochoshwa na pamba ya kulazimishwa na viboko waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Maelfu kwa maelfu walikufa, kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyofuata. Wakati mikono ya Wazungu wa Leipzig inafunua kurasa kumtazama fisi wa Tanganyika, wenye nchi walikuwa wanakufa gizani. Sisemi Schillings ndiye aliyewaua, la hasha. Yeye hata alipiga kelele kwamba wanyama wanamalizwa. Ninachosema ni kwamba mwanga ulikuwepo nchini, wa hali ya juu, na ulielekezwa mahali ambapo mwenye mwanga alitaka. Vioo vya kamera, masanduku ya unga, mahema na vyakula vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Jalada la kitabu lina jina moja.

Baada ya Mjerumani kuondoka, mambo hayakubadilika sana. Mwaka 1928 Wamarekani wawili mashuhuri, Martin na Osa Johnson, walikuwa Serengeti na vijana watatu wa skauti kutoka Marekani, wakiwapiga picha simba, na usiku wakitumia flashi. Skauti wale waliandika kitabu. Serengeti si mbali na Buhemba. Vijana wa rika lao waliozaliwa mkoa huu, Wazanaki, Waikizu, Waikoma, Wakurya, nao walikuwepo siku hizo hizo wakichunga ng'ombe chini ya mbingu ile ile. Picha zao zi wapi?

Flashi inayouma

Unga wa radi ulikufa taratibu. Mwaka 1929 Ujerumani ilitoa balbu ya flashi, kioo chenye madini ndani yake, salama na bila moshi, ila ikiwaka mara moja unaitupa. Halafu mwaka 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT Marekani akatengeneza flashi ya umeme, na hii ndiyo mama wa flashi zetu za sasa. Ndani yake kuna kapasita inayokusanya umeme mpaka kiasi cha volti 300, kisha inaumwaga wote kwa mpigo katika kimrija chenye gesi ya zenoni. Ile sauti nyembamba ya "wiiii" unayoisikia flashi ikijiandaa ni umeme unaopandishwa kutoka volti 6 za betri. Mwanga wenyewe unadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Pwani na mijini studio zilikuwepo tangu zamani. Zanzibar ilikuwa na akina Gomes na Coutinho tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na Studio ya Parekh, Lamu ya Bakor. Huko watu walivaa wakapendeza, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa ndege au jumba, wakachagua wenyewe waonekane vipi. Studio zilikuwa na taa zaidi ya moja, na mpiga picha alijua kwamba taa ya pembeni ndiyo inayoupa uso umbo.

Huku bara vijijini hali ilikuwa nyingine. Mpiga picha alikuja na baiskeli, kamera ndogo ya filamu shingoni, flashi imebanana na lenzi. Picha 36 zikiisha anapeleka filamu mjini kusafishwa, na wewe unasubiri. Flashi iliyokaa juu ya lenzi inamulika uso moja kwa moja. Pua inalala, paji la uso linang'aa kama sufuria, na nyuma ya mtu panakuwa giza tupu. Wengi wetu tumekulia katika albamu za namna hiyo tukaamini kwamba ndivyo tulivyo.

Si flashi peke yake iliyotuonea. Maabara nyingi za kusafishia picha duniani zilipima rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley. Rangi ya Shirley ikikaa sawa basi kila kitu kimekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote.

Na kuna kisa kibaya zaidi, ambacho nadhani kila kijana wa nchi hii angepaswa kukijua kwa sababu nchi yetu ilijitoa sana kwa ukombozi wa Kusini. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao inatumiwa na makaburu kupigia picha za vile vitabu vya pasi, vilivyomfanya Mwafrika awe mgeni katika nchi yake. Kamera yenyewe, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Wale wawili walianzisha mgomo na kampeni, wakapoteza kazi, lakini hawakuacha, na mwaka 1977 Polaroid ikajitoa Afrika Kusini. Kumbe basi flashi inaweza kuwa pingu. Unamulikwa si kwa sababu wewe ni mzuri, bali ili ujulikane, uhesabiwe na ukamatwe.

Redio ya bei nafuu

Mpaka miaka ya 1990 triga za redio zilikuwa za matajiri, watu wa magazeti makubwa na viwanja vya mpira vya Marekani. Halafu katikati ya miaka ya 2000 Wachina wakaingia. Zilianza zile ndogo za PT-04 zilizouzwa kwa jina la Cactus, zinazotumia mawimbi ya megahezi 433, mawimbi yale yale ya rimoti nyingi za kufungia milango ya magari. Baadaye zikaja za YongNuo, RF-602 na RF-603, za gigahezi 2.4, ambazo hazisumbuliwi kirahisi. Wazungu wenye uwezo walizicheka, wakasema ni makaratasi. Ni kweli zinavunjika. Lakini zilifika Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikapanda basi mpaka Mwanza na Musoma, na hatimaye zikafika mikononi mwa kaka mmoja wa hapa Buhemba, aliyenunua za mtumba zikiwa zimekufa nusu. Mimi nilikuwa nashinda kwake baada ya kumaliza kidato cha nne, sina kazi, nasubiri Mungu. Kwa kukaa naye ndipo nilipojifunza haya ninayoyaandika.

Naomba niyaeleze kwa kirefu kidogo, maana elimu hii haiko katika kitabu chochote cha Kiswahili nilichowahi kukishika.

Kwanza kabisa, triga ikigoma usianze kuilaumu triga. Bonyeza kitufe cha majaribio cha flashi yenyewe. Isipolipuka, ugonjwa uko kwenye flashi au betri zake. Na hapo nakuonya kama ndugu: usifungue flashi. Ile kapasita inashika volti 300 hata betri zikiwa zimetolewa, na inaweza kukurusha ukutani au kukuua. Fundi mwenye ujuzi huimwaga kwanza kwa kupitisha umeme wake kwenye rezista. Triga yenyewe haina hatari hiyo, ina betri ndogo tu, ndiyo maana ni shule nzuri ya kuanzia.

Pili, tazama betri na mahali zinapogusa. Betri zetu za bei rahisi zinavuja, zinaacha unga mweupe au wa kijani. Chukua pamba yenye maji ya ndimu kidogo au siki, futa, maana uchafu ule wa betri za alkali ni besi na ndimu ni asidi, zinauana. Kausha vizuri, kisha sugua kwa kifutio cha penseli mpaka chuma king'ae. Nusu ya triga zilizoletwa kwa kaka kama maiti zilifufuka kwa ndimu moja. Kwenye zile za PT-04 kidude cha kutuma kinatumia betri ndogo ya volti 12, ile ya rimoti ya gari. Ipime kwa mita, usiamini macho.

Tatu, chaneli. Zina viswichi vidogo vya kuchagua chaneli, na vyote viwili lazima viwe sawa. Kimoja kikisogezwa na kidole cha mtoto, hazielewani tena, mnabaki kufungua na kufunga bure.

Nne, ule mguu. Flashi ni nzito, mguu wa plastiki unapata ufa, na ile pini ya katikati haigusi. Hapo unakaza, unaongeza kipande cha bati chembamba, au unaachana na mguu kabisa na kuchomelea waya mfupi.

Tano, antena. Hapa ndipo nilipoipenda fizikia niliyokuwa naichukia shuleni. Mawimbi ya redio yanakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Gawanya kwa mitetemo milioni 433, unapata urefu wa wimbi moja, sentimeta 69. Antena nzuri ni robo yake, sentimeta 17. Kiwandani wameweka kawaya kafupi kamekunjwa ndani ili kidude kiwe kidogo. Ukichomelea waya wa sentimeta 17 na kuutoa nje kwa tundu dogo, kile kilichokuwa kinafika hatua kumi kinafika ng'ambo ya uwanja. Kwa zile za 2.4 robo ya wimbi ni sentimeta 3 tu, hazihitaji mkia.

Sita, solda. Ukiona kidude kinafanya kazi ukikikandamiza na kinakufa ukikiachia, ujue kuna mahali risasi imepata ufa. Gusa upya kwa pasi ya kuchomelea, haraka, usiunguze saketi.

Na jambo la mwisho upande wa ufundi: flashi za kizamani, za miaka ya 1970, nyingine zina zaidi ya volti 200 kwenye ile pini ya katikati. Ukiivalisha moja kwa moja kwenye kamera ya kisasa unaweza kuiua. Pima kwa mita kwanza. Hapa triga inakuwa mlinzi, kwa kuwa kamera haigusani tena na flashi. Ikiungua, inaungua triga.

Jinsi ya kumulika mtu

Ukishaifufua, itumie. Toa flashi juu ya kamera. Iweke pembeni, juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa, kama jua la saa tatu asubuhi. Mbele yake tundika shuka jeupe ili mwanga uwe laini. Shata usiifungue na kufunga kwa haraka mno: weka sehemu moja ya 125 ya sekunde. Shata ina mapazia mawili, na ukiikimbiza zaidi ya kama 200, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, nawe unapata picha yenye mstari mweusi. Triga za bei nafuu huchelewa kidogo, kwa hiyo uziachie nafasi.

Kumbuka pia kwamba mwanga ni mchoyo wa umbali. Ukiihamisha flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hiyo unarekebisha mwanga kwa miguu yako, huhitaji mashine ya gharama.

Zipo pia triga za jicho, zinazowashwa na mwanga wa flashi nyingine. Hizo ni nzuri ndani ya chumba, lakini juani hazioni, na kamera yenye mwanga wa awali wa kupimia inazidanganya zilipuke kabla ya wakati. Redio haina matatizo hayo. Redio inapita hata kwenye ukuta wa udongo. Unaweza kusimamisha flashi nje ya dirisha na bibi yuko ndani kwake, ameketi kwenye kigoda chake, na picha ikaonekana kama jua la jioni limemtembelea.

Simba na mzee

Sasa nifike ninapotaka kufika. Tangu mwaka 2010, katikati ya Serengeti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Hazihitaji kamba ya Schillings. Zina jicho linalohisi joto la mwili likipita, zinajifyatua zenyewe. Hadi mwaka 2013 zilikuwa zimepiga mafungu milioni 1.2 ya picha, na watu wa kujitolea 28,000 duniani kote waliketi kwenye intaneti kutambua yupi nyumbu na yupi swala. Ni kazi nzuri, inasaidia kuhifadhi, wala siionei wivu.

Ila babu yangu alipofariki tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Tulipekua masanduku yote. Alikuwa mtu aliyefanya kazi mgodini hapa Buhemba zamani za Mwingereza, akalima, akazaa, akazika, akasuluhisha ugomvi wa nusu ya kijiji. Tulichopata ni kitambulisho. Tukakikuza. Uso umepigwa flashi ya mbele, paji linang'aa, macho yameshtuka kama ya mtu aliyekamatwa. Shangazi aliitazama akasema, "Huyu siye." Tukaizika hiyo hiyo pamoja naye machoni mwetu.

Simba wa mkoa wa Mara ana picha zisizohesabika. Mwanamume aliyechimba dhahabu ya Mara ana moja, na hiyo moja si yake.

Mtu ataniambia, siku hizi kila mtu ana simu. Kweli. Lakini picha za simu zinaondoka na simu, zinafutwa kupisha nyimbo, na taa ya simu ni ile ile ya mbele ya uso. Tena tunajipiga sisi vijana, hatuwapigi wazee. Wengine watasema mzee wa Kizanaki hapendi kupigwa picha. Anayesema hivyo ajiulize ni nani aliyewahi kumwendea mzee huyo, akamwamkia, akakaa, akamweleza, akamwacha avae kanzu au koti lake na kuchagua pa kuketi. Amezoea kumulikwa kwa kushtukizwa tu. Mwaka 1999, tulipompoteza Mwalimu na kumzika Butiama tarehe 23 Oktoba, kamera zilikuja wilayani kwetu. Zilipoondoka, ziliondoka na mwanga.

Kaka na mimi tumeanza. Tuna flashi mbili za zamani, triga tatu tulizozifufua, shuka moja na mti wa kusimamishia. Jumamosi tunakwenda kwa mzee mmoja. Tunaomba kwanza, na akikataa tunakunywa uji tunaondoka. Akikubali, tunampa yeye kile kitufe cha majaribio abonyeze mwenyewe aone flashi inavyolipuka kule dirishani. Wengi wanacheka, na wakicheka hivyo uso unakuwa wao. Picha tunaisafisha mjini, tunamrudishia kwenye karatasi, na nyuma ya karatasi tunaandika jina lake, jina la baba yake, mwaka, na kazi aliyofanya. Mpaka sasa tumefika nyumba 14. Nyumba zilizobaki ni nyingi, na wazee wenyewe hawatungoji.

Kwa hiyo kijana mwenzangu wa Kiabakari, Nyamuswa, Bunda au kokote unakosoma gazeti hili, kama kuna triga imekufa kwenye droo ya mpiga picha wa mtaani kwenu, iombe. Chukua ndimu, waya wa sentimeta 17 na subira. Halafu anza na mzee wa nyumba ya pili.